Nodi Tatu za Pembeni: Kisa cha Sharti la Nusukipenyo Katika CalculiX

Bushi, yaani bomba fupi nene linalovishwa juu ya shafti, yenyewe haina ajabu. Kipenyo cha ndani ni mm 100, cha nje mm 200, na chuma chake ni cha kawaida: moduli ya Young (E) MPa 210,000, uwiano wa Poisson (ν) 0.3. Shafti inaingizwa kwa nguvu. Kwa kuwa shafti ni nene kidogo kuliko tundu, inausukuma ukuta wa ndani wa bushi kuelekea nje kwa mm 0.05 kila upande. Mwenye kazi alitaka kujua jambo moja tu: bushi itaikaba shafti kwa kanieneo kiasi gani? Akiipata namba hiyo, ataweza kukadiria msokoto ambao muungano huo utabeba kabla haujateleza.

Kijana aliyepewa kazi hiyo alichagua CalculiX, programu huria iliyoandikwa na Guido Dhondt na Klaus Wittig, inayokigawa kifaa vipande vidogo (elementi) vinavyoshikana kwenye nukta (nodi) na kukokotoa misogeo na mikazo yake. Alichagua vizuri. Faili lake la maelekezo ni maandishi matupu unayoweza kuyasoma mstari kwa mstari, na kwa kisa kama hiki hilo ni jambo kubwa, kwa sababu kosa lilikuwa limekaa wazi kwenye mistari hiyo tangu mwanzo. Alinitumia faili pamoja na picha, na ujumbe mfupi: "Kaka, majibu ni mazuri kila mahali isipokuwa kwenye pembe moja. Je, niongeze elementi?"

Hapana, elementi hazikuwa tatizo. Lakini kabla ya kufika kwenye pembe hiyo, tuangalie alivyoijenga modeli.

Kwa kuwa bushi ni duara kamili, alichora robo yake tu, kipande chenye unene wa mm 10, akazuia nyuso zote mbili za z, kundi NYUSOZ, zisisogee kwenye Z. Mzingo wa robo aliugawa elementi 8, ukuta elementi 6, unene elementi 1, zote C3D20R zenye nodi 20 kila moja. Jumla ni nodi 409. Kati ya hizo, 43 ziko kwenye uso wa ndani, kundi aliloliita NDANI. Nyingine 33 ziko kwenye uso wa ulinganifu wa x = 0, kundi ULX, na 33 kwenye uso wa y = 0, kundi ULY. Nodi za kati alizilaza kwenye tao lenyewe, hakuziacha kwenye mstari ulionyooka kati ya nodi mbili za pembe. Kazi safi.

Jaribio lake la kwanza halikuhitaji uchunguzi. Aliandika msogeo wa 0.05 kwenye digrii ya uhuru ya 1, yaani uelekeo wa X (ya 2 ni Y, ya 3 ni Z), kwa kundi zima la NDANI, na programu ikafanya ilivyoagizwa: tao lote likasukumwa upande wa X. Hakuna bushi inayotanuka hivyo. Akaongeza 0.05 kwenye Y pia, na sasa nodi iliyo kwenye nyuzi 45 ikasogea mm 0.0707, huku zile za miisho zikigombana na masharti ya ulinganifu. Picha ya namna hiyo inajikataa yenyewe, naye aliikataa. Akafungua mwongozo, akaikuta kadi ya *TRANSFORM (kadi ni amri ya faili inayoanza na nyota), na hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanza.

Hivi ndivyo faili lilivyokuwa, nikiliondolea yasiyohusika:

*TRANSFORM, NSET=NDANI, TYPE=C
0.,0.,0.,0.,0.,1.
*BOUNDARY
ULX,1,1
ULY,2,2
NYUSOZ,3,3
*STEP
*STATIC
*BOUNDARY
NDANI,1,1,0.05
*END STEP

Mstari wa pili unataja nukta mbili za mhimili wa silinda. Kuanzia hapo, kwa nodi za NDANI, digrii ya 1 ni uelekeo wa nusukipenyo, ya 2 ni wa tanjenti (kuuzunguka mhimili), ya 3 ni wa mhimili. Chini kabisa, ndani ya hatua, nodi za NDANI zinaamriwa kutoka nje kwa 0.05. Ukilisoma faili hili haraka, utaapa kuwa ni sahihi. Programu nayo ilimaliza kazi bila kulalamika.

Majibu nayo yalikuwa karibu na ukweli, na hilo ndilo lililofanya kosa liwe gumu kulinasa. Uso wa ndani ulitanuka kwa 0.05 kama ulivyoagizwa. Uso wa nje ulisogea kiasi cha kuaminika. Mkazo wa mzingo ulikuwa laini, mkubwa ndani na mdogo nje, kama inavyotakiwa. Ni pale tu juu, tao la ndani linapokutana na uso wa x = 0, ndipo rangi zilipovurugika: mkazo unashuka kwenye ukingo wenyewe kisha unaruka juu kwenye nodi zinazofuata. Alipoikuza misogeo kwenye picha mara mamia, ukingo ule ulionekana umejitenga na ukuta wa ulinganifu, kama mdomo wa ufa mdogo. Upande wa pili, kwenye y = 0, kila kitu kilikuwa shwari.

Nilisimama hapo hapo. Modeli hii ina ulinganifu pia kwenye mstari wa nyuzi 45. Chochote kinachotokea kwenye mwisho mmoja lazima kitokee kwenye mwingine. Meshi ni ileile pande zote mbili, elementi ni zilezile, chuma ni kilekile. Kilichobaki kutofautiana ni masharti tu. Kwa hiyo kuongeza elementi kungeuchora ufa uleule kwa usafi zaidi.

Nodi ina mwenyewe

Watu wengi husoma *TRANSFORM kana kwamba ni maelezo ya sharti: "sharti hili liandikwe kwa mfumo wa silinda." Sivyo. Kadi hiyo haiishiki kadi ya *BOUNDARY hata kidogo. Inaishika nodi. Nodi ikishaingia kwenye kundi la *TRANSFORM, kila namba ya digrii itakayotajwa juu yake, na kadi yoyote ile, katika kundi lolote lile, itasomwa kwa mfumo wa silinda. Iwe ni *BOUNDARY, iwe ni *CLOAD, iwe ni *EQUATION. Haijalishi ulikuwa unafikiria nini ulipoandika.

Sasa zifuate nodi za ukingo wa juu. Ziko tatu: moja kwenye z = 0, moja kwenye z = 5, moja kwenye z = 10. Ni wanachama wa NDANI, na ni wanachama wa ULX vilevile. Kijana alipoandika ULX,1,1 alikuwa anasema "nyuso hizi zisisogee kwenye X." Kwa nodi 30 za ULX ambazo haziko kwenye NDANI, ndivyo ilivyoeleweka. Kwa hizi tatu, 1 si X tena. Ni nusukipenyo. Na kwenye nyuzi 90 nusukipenyo kinaelekea Y. Kwa maneno mengine, alizizuia zisitoke nje, na hakuzizuia zisiondoke kwenye ukuta wa ulinganifu.

Kisha hatua ikaanza, na NDANI,1,1,0.05 ikaja juu ya sifuri ile. Digrii ni ileile, nodi ni ileile, kwa hiyo thamani mpya ikachukua nafasi ya zamani. Sifuri ikafutika bila kuacha alama, na sharti la X ambalo lilipaswa kuwepo halikuwahi kuandikwa. Nodi tatu zikabaki huru kwenye tanjenti. Mkazo wa mzingo ni wa kuvuta, kwa hiyo ukazivuta kuingia ndani ya chuma, mbali na uso wa x = 0. Ule "ufa" ndio huo.

Na kwa nini upande wa y = 0 ulipona? Kwa sababu ya bahati ya pembe. Kwenye nyuzi 0, tanjenti ndiyo Y. Digrii ya 2 ya mfumo wa silinda na digrii ya 2 ya mfumo wa kawaida zinaelekea mahali pamoja, kwa hiyo ULY,2,2 ilimaanisha kitu kilekile kwa nodi zote. Hapo ndipo penye hatari kubwa: nusu ya modeli inakuthibitishia kwamba umefanya sawa.

Mpangilio wa kadi nao una neno. Kama kijana angeandika ULX,1,1 ndani ya hatua, chini ya mstari wa 0.05, mshindi angekuwa sifuri. Nodi tatu zingebaki zimekwama kwenye nusukipenyo huku jirani zao zikisukumwa mm 0.05, na mkazo pale ungepanda kiasi cha kumshtua yeyote. Kosa ni lile lile, ila hilo lingepiga kelele. Namhurumia zaidi anayepata lile la kimya.

Dawa

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kutengeneza kundi jipya la ULX lisilo na nodi za NDANI, kisha kuziandikia nodi tatu sharti lake peke yake: digrii ya 2 iwe sifuri. Inafanya kazi, lakini inakudai ukumbuke mpaka mwisho wa mradi ni nodi zipi zinasema lugha ipi. Meshi ikibadilika, makundi yanabadilika, na kumbukumbu inapotea.

Njia ninayoipenda ni kuuvisha mfumo wa silinda modeli nzima:

*TRANSFORM, NSET=ZOTE, TYPE=C
0.,0.,0.,0.,0.,1.
*BOUNDARY
ULX,2,2
ULY,2,2
NYUSOZ,3,3

Sasa nodi zote 409 zina maana moja. Nyuso zote mbili za ulinganifu zinaandikwa kwa namna moja, tanjenti sifuri, kwa sababu kwenye robo ya silinda ndivyo zilivyo kweli. Ukingo hauna tena wanachama wenye uraia wa nchi mbili. Kadi ya *TRANSFORM iweke juu, kabla ya *BOUNDARY yoyote. Na uwe na hadhari moja: njia hii inafaa kwa kuwa bushi ina tundu. Kwenye shafti iliyojaa, nodi zilizo juu ya mhimili hazina uelekeo wa nusukipenyo kabisa, kwa hiyo hizo ziondoe kwenye kundi la ZOTE na uziandikie masharti ya kawaida.

Kwa nodi moja kuwemo kwenye kadi mbili za *TRANSFORM, ya mwisho ndiyo inayoshika. Hilo nalo ni la kukumbuka kwa wenye modeli za mihimili miwili inayokutana, kwa mfano bomba linaloingia kwenye bomba jingine. Nodi za kwenye muungano haziwezi kutumikia mihimili miwili kwa digrii zilezile. Pale lazima uamue mwenyewe.

Namba za kupimia

Silinda nene ina jibu la mkono, tangu karne ya 19, lenye jina la Mfaransa Gabriel Lamé. Sioni sababu ya mtu kuamini picha ya rangi wakati jibu hilo linaingia kwenye nusu ukurasa. Kwa nusukipenyo cha ndani a na cha nje b, mkazo wa nusukipenyo ni C1 − C2/r² na wa mzingo ni C1 + C2/r². Uso wa nje hauna mzigo, kwa hiyo C1 = C2/b². Ukiita kanieneo ya ndani p, na kwa a = 50 na b = 100, unapata C1 = p/3 na C2 = 3,333.3p.

Nyuso za z zimezuiwa, hivyo msogeo wa nusukipenyo ni (1+ν)/E mara [(1−2ν)·C1·r + C2/r]. Weka r = 50, lazimisha jibu liwe 0.05, na p inatoka MPa 110.1. Mkazo wa mzingo ndani ni 5p/3, yaani MPa 183.6. Nje ni 2p/3, yaani MPa 73.4. Na uso wa nje unasogea mm 0.0318. Baada ya marekebisho, modeli ilizifikia namba hizi kwa ukaribu wa kuridhisha, na pembe zote mbili zikawa na sura moja.

Uzuri wa robo ya silinda ni kwamba huhitaji kugeuza mikazo ili kuisoma. Kwenye uso wa x = 0, mkazo wa mzingo ndio SXX, yaani mkazo wa uelekeo wa X. Kwenye y = 0, ndio SYY. Ukiweka safu hizo mbili kando kwa kando, kutoka ndani kwenda nje, lazima zifanane. Katika faili la kwanza zisingefanana, na ukaguzi huo ungechukua dakika chache tu.

Kijana aliniuliza mbona aliangalia mizani ya kani na ikawa sawa. Ni swali zuri, na jibu lake nataka likae vizuri. Mizani ya kani hutimia kwa masharti uliyoyaandika, hata kama siyo uliyoyakusudia. Programu imetatua tatizo jingine, na imelitatua kwa usahihi. Jumla ya kani kwenye X itakuwa sifuri, kwenye Y sifuri, na utalala usingizi. Cha kuangalia si kama jumla ni sifuri, bali kama kila kundi limebeba mzigo wake. Hapa kila uso wa ulinganifu unapaswa kubeba p·a·unene, yaani karibu N 55,070. Nyuso mbili, namba moja. Mmoja ukipishana na mwenzake, hamna ulinganifu.

Kwenye kani hizohizo kuna mtego mwingine. Kanieneo ya kukaba inapatikana kwa kujumlisha kani za mjibizo (kani zinazohitajika kuzishikilia nodi zilizobanwa) za nusukipenyo kwenye NDANI, karibu N 86,500, kisha kugawanya kwa eneo la uso, mm² 785.4. Jibu ni ile 110.1. Lakini ukijumlisha kani za X za mfumo wa kawaida, utapata N 55,070, na ukigawanya kwa eneo hilohilo unapata MPa 70.1. Namba hiyo haishtui mtu. Ina sura ya jibu. Kumbe ni asilimia 64 tu ya jibu, kwa sababu kila kani imehesabiwa kivuli chake cha upande mmoja. Kwa hiyo kwenye *NODE PRINT andika wazi GLOBAL=NO unapotaka mfumo wa nodi na GLOBAL=YES unapotaka mfumo wa kawaida. Usiiachie programu ikuchagulie, hata kama unajua huchagua nini.

Sharti hilihili kwenye programu nyingine

Anayetoka CalculiX kwenda Elmer, ya kituo cha CSC cha Finland, hataikuta *TRANSFORM. Kule sharti linaandikwa kwenye mpaka: Normal-Tangential Displacement = Logical True, na kuanzia hapo Displacement 1 ni msogeo wa nomali, yaani uelekeo unaosimama wima juu ya uso. Kwenye Code_Aster ya shirika la umeme la Ufaransa, EDF, ndugu yake ni DNOR ndani ya FACE_IMPO. Kwa silinda, nomali na nusukipenyo ni mstari mmoja, kwa hiyo mtu hujiona amefika.

Amefika, lakini kwa mgongo. Nomali ya uso wa bushi inatoka kwenye chuma kwenda nje ya chuma. Kwenye uso wa ndani, nje ya chuma ni ndani ya tundu, kuelekea mhimili. Ukiandika +0.05, tundu linabanwa badala ya kutanuliwa. Thamani sahihi ni −0.05. Na sikia hili: kwa kuwa tatizo ni la mstari, kukosea alama kunageuza alama za mikazo yote na kuacha ukubwa wake uleule. Mkazo wa von Mises, namba moja isiyo na alama inayounganisha mikazo yote, hautabadilika hata kidogo. Mtu anayechora von Mises peke yake, na wapo wengi sana, hatajua kamwe kwamba shafti yake inaivuta bushi ndani. Kwenye Code_Aster kuna la ziada: uelekeo wa nomali unafuata namna nyuso za meshi zilivyopangwa nodi zake, kwa hiyo zielekeze upande mmoja kwa MODI_MAILLAGE kabla ya kutumia DNOR.

Kisha ukingo unarudi tena, kwa njia nyingine. Nomali ya nodi huhesabiwa kwa wastani wa nyuso zinazoizunguka. Katikati ya tao, nodi ina uso mmoja kushoto na mmoja kulia, na wastani wao unaelekea nusukipenyo barabara. Kwenye mwisho wa tao kuna uso wa upande mmoja tu. Kwa elementi zenye nyuso bapa, nane kwa robo, kila uso unachukua nyuzi 11.25, kwa hiyo nomali ya nodi ya mwisho imeinama nyuzi 5.625 kutoka kwenye nusukipenyo. Ukichanganya na sharti la ulinganifu, nodi hiyo italazimika kusogea 0.05 gawanya kwa kosaini ya nyuzi 5.625, yaani mm 0.0502. Kosa ni nusu asilimia. Dogo, ndiyo, lakini limekaa palepale ambapo mkazo ni mkubwa kuliko pote, na ukiona doa la rangi pale ujue asili yake. Elementi za daraja la pili zenye nodi za kati juu ya tao hulipunguza sana.

FEniCS ni ulimwengu mwingine, kwa sababu kule unaandika milinganyo mwenyewe. Njia rahisi kuliko zote ni kutoa vekta nzima: msogeo wa X ni 0.05·x/r, wa Y ni 0.05·y/r. Kwa bushi yetu jibu ni sahihi kabisa. Lakini angalia ulichosema: umelazimisha nusukipenyo kuwa 0.05 na tanjenti kuwa sifuri. Kwenye bushi ya duara kamili tanjenti ni sifuri yenyewe, kwa hiyo hukumdhulumu mtu.

Mwenye kazi baadaye alitaka tundu la mafuta litobolewe kwenye ukuta wa bushi. Hapo mambo yanageuka. Karibu na tundu, chuma kinataka kuteleza juu ya shafti kuelekea pembeni, na ukishaandika vekta nzima umekigundisha. Mikazo ukingoni mwa tundu, ile iliyokuwa sababu ya kufanya hesabu upya, inatoka si yenyewe. Kama msuguano ni mdogo na kuteleza kunaruhusiwa, lazima tanjenti iachwe huru. Kwenye FEniCS hilo lina maana ya kubana sehemu moja tu ya vekta: ama kwa kiongezi cha dolfinx_mpc kinachofunga digrii za nodi kwa mlinganyo, ama kwa kuongeza neno la adhabu kwenye uso, ama kwa mbinu ya Nitsche ya mwaka 1971, ambayo ni adhabu iliyosahihishwa ili isihitaji namba kubwa mno. Adhabu tupu ni rahisi kuandika na ngumu kuichagulia ukubwa: ikiwa ndogo, ukuta unarudi nyuma, ikiwa kubwa mno, matriksi inaharibika. Kuianzia kwenye E gawanya kwa ukubwa wa elementi, mara kigezo kidogo, ni busara.

CalculiX kwenye tundu la mafuta haina tabu, kwa sababu NDANI,1,1 haikuwahi kugusa digrii ya 2. Hii ndiyo sababu naipenda njia ya mfumo wa silinda: inabana ulichotaja na kuacha usichotaja.

Kuacha nako kuna gharama, na aligongana nayo mara tu alipohama kutoka robo kwenda duara kamili. Duara zima lililobanwa kwa nusukipenyo tu haliwezi kwenda X wala Y, wala haliwezi kuinama, lakini linaweza kuzunguka kwenye mhimili wake na kuteleza kando ya mhimili. Nyuso za z alikuwa amezizuia. Mzunguko haukuzuiwa na chochote. Katika hali hiyo matriksi ya ukakamavu haina jibu moja, na utapata ujumbe wa hitilafu au misogeo mikubwa isiyo na maana. Tiba yake ni nodi moja, digrii ya 2, sifuri. Moja inatosha. Ukizuia mbili zilizo mbalimbali umeanza tena kugundisha, na ukitaka kuhakikisha hujafanya hivyo, soma kani ya mjibizo ya nodi hiyo: kwenye modeli isiyo na msokoto wa nje lazima iwe karibu na sifuri.

La mwisho linahusu misogeo mikubwa. Uelekeo wa nusukipenyo kwa kila nodi huhesabiwa kutokana na mahali nodi ilipo mwanzoni, na unabaki huo. Nodi iliyobanwa kwa nusukipenyo na kuachwa huru kwenye tanjenti haitelezi juu ya duara. Inateleza juu ya mstari ulionyooka unaoligusa duara. Ikiteleza umbali s, umbali wake kutoka mhimili unaongezeka takriban s²/2a. Kwa bushi yetu, kuteleza mm 1 kunaongeza mm 0.01, ambayo ni sehemu ya tano ya msogeo wote tuliouagiza. Kuteleza mm 5 kunaongeza mm 0.25, mara tano ya msogeo huo. Kwenye tundu la mafuta misogeo ya tanjenti ni midogo mno na hili halina uzito. Lakini mwenye kazi akitaka kuona bushi ikizungushwa juu ya shafti, sharti la nusukipenyo halifai tena, na shafti yenyewe itabidi iingie kwenye modeli kama mwili wa pili unaogusana na bushi.

Faili la sasa lina *TRANSFORM moja, kundi ZOTE, na juu yake mstari wa maelezo ambao kijana aliuandika mwenyewe: "digrii 1 = nusukipenyo, 2 = tanjenti, 3 = mhimili, kwa kila nodi ya modeli hii."